Teremka Tukaze: Kitanda cha Mtoto Kati ya Rahisi na Ghali

Kiswahili kina kitanda ambacho jina lake ni amri. Kinaitwa teremka tukaze. Ni kitanda cha kamba: miguu minne ya mbao, mbao nne za kuizunguka, na katikati kamba zilizowambwa na kupishana hadi zikawa kitu cha kulalia. Kamba, kama kamba zote, hulegea. Aliyelala hujikuta amezama katikati kama embe ndani ya kikapu, na hapo ndipo jina linapofanya kazi yake: aliye juu ateremke, waliomo nyumbani washike kamba, zivutwe upya, usiku uendelee. Ukilisikiliza vizuri jina hilo utaona halikisifu kitanda wala halikidharau. Linakiri tangu siku ya kwanza kwamba kitalegea, na linataja dawa yake papo hapo. Leo mzazi anayemwandalia mtoto chumba hukutana na mambo yasiyo na ukweli huo. Dukani kuna kitanda cha mbao za kubandika, kina rangi ya waridi au ya buluu na bei ya kuvutia. Kwa fundi kuna kitanda cha mninga ambacho bei yake humfanya mtu avute pumzi. Anaambiwa achague kati ya rahisi na bora, kana kwamba dunia ya samani imegawanyika hivyo tangu mwanzo. Nadai kwamba mgawanyiko huo ni mchanga kuliko unavyoonekana, na kwamba historia ya malazi ya pwani yetu inatufundisha kupima kwa mizani nyingine: kitu hiki kitatumika kwa muda gani, na kikilegea, nani atakikaza?

Ushahidi wa kwanza umo ndani ya lugha yenyewe. Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari Mwingereza ambaye baadaye alikuwa askofu Zanzibar, alichapisha kitabu cha kufundishia Kiswahili kama kilivyosemwa mjini humo. Alipofika kwenye kitanda hakuridhika na neno moja. Aliandika tendegu kwa mguu, mfumbati kwa ubao wa ubavuni, kitakizo kwa ubao unaokingama kichwani na miguuni, mchago kwa upande wa kichwa, na mvungu kwa nafasi iliyo chini. Msamiati wa namna hii hauzaliwi kwa ajili ya mapambo. Watu hukipa kipande jina pale wanapolazimika kukitaja peke yake: tendegu limeliwa na mchwa, lipeleke kwa seremala, mfumbati umepasuka, tafuta mwingine. Kitu kinachonunuliwa kizima na kutupwa kizima hakihitaji majina ya viungo. Muulize mzazi wa leo jina la kile kinachoshikiza ubavu wa kitanda cha dukani na kichwa chake, na aghalabu jibu litakuwa “kile kidude.” Maneno mengine ya chumbani nayo yana historia zao: meza tuliipata kwa Wareno, godoro lilitoka Uhindini, kabati likaja na Waingereza. Kitanda na kiti ni maneno ya Kibantu, na ni kitanda kilichopata majina mengi ya viungo kwa sababu ndicho kilichotengenezwa, kikavunjika na kutengenezwa tena mikononi mwa watu wa hapa hapa.

Tazama basi jinsi kilivyotengenezwa, kwa kuwa ndani ya ufundi huo kuna hesabu ya fedha iliyofichika. Fremu ilikuwa mbao ngumu, na viungo vyake vilikuwa vya ulimi na tundu: mwisho wa mfumbati ulichongwa ukawa kama ulimi, ukachomekwa katika tundu la tendegu, ukashikana bila kutegemea msumari. Kamba zilitoka kwa minazi na mikoche iliyoizunguka nyumba. Makumbi ya nazi yalifukiwa katika mchanga wa ufukweni kwa miezi kadhaa hadi yakalainika, kisha wanawake wakayaponda, wakayasafisha na kusokota kamba ya usumba. Au miyaa ilikatwa, ikaanikwa na kusukwa ukambaa. Kwa hiyo kitanda kimoja kilikuwa na umri wa namna mbili. Fremu ilihesabiwa kwa miaka mingi, pengine kwa vizazi. Kamba ilihesabiwa kwa misimu. Sehemu iliyochakaa upesi ndiyo iliyokuwa ya bei ndogo kuliko zote, na ndiyo iliyoweza kubadilishwa na mtu yeyote wa nyumbani bila kumwita fundi. Hapa rahisi na bora havikuwa vitanda viwili vya kushindana dukani. Vilikaa katika kitanda kimoja, kila kimoja mahali panapokifaa. Kitanda cha bei ya chini cha siku hizi kimegeuza mpangilio huo. Kinachochakaa kwanza ni kiungo, pale skrubu inapouma ubao, na kiungo hicho ndicho kisichobadilishika. Godoro laweza kuwa jipya na rangi ikawa inang’aa bado, lakini tundu la skrubu likishapanuka, kitanda kizima kimeisha.

Na watoto walilala wapi? Jibu la haraka ni kwamba walilala pamoja na wengine. Mtoto mchanga alilala ubavuni mwa mama, au mchana aliwekwa katika susu, kitanda kidogo cha kuning’iniza kinachopembezwa kwa mkono mmoja huku mkono mwingine ukiendelea na kazi. Akishaachishwa ziwa alihamia mkekani au kwenye kitanda cha kamba, pamoja na ndugu zake au na bibi. Nyumba za mawe za Lamu zilipangwa kwa misana, yaani kumbi ndefu, iliyofuatana, ule wa ndani ukiwa na faragha kuliko wa nje, na vitanda viliwekwa pembezoni mwa misana hiyo. Hakukuwa na chumba kilichohesabiwa kuwa cha watoto. Waislamu wa pwani walifuata pia mafundisho ya Mtume kwamba watoto wafikapo umri wa miaka 10 watenganishwe katika malazi, kwa hiyo wazo la mtoto kuwa na mahali pake pa kulala halikuletwa na meli ya Mzungu. Lakini mahali hapo pangeweza kuwa mkeka wake au kitanda chake, na kitanda hicho kilikuwa na urefu wa kumfaa mtu mzima. Kifaa kilichotengenezwa kwa kipimo cha mtoto kilikuwa kile cha mchanga tu, nacho kilikuwa chepesi, cha kamba na kitambaa, kisichomgharimu mtu kitu kikubwa. Mantiki yake iko wazi: kinachotumika kwa miezi kisimalize fedha za miaka, na kinachotumika kwa miaka kisipimwe kwa urefu wa mtoto wa leo.

Upande wa ghali nao una historia yake, na si historia ya usingizi mwema peke yake. Zanzibar ya karne ya 19, iliyotajirishwa na karafuu, pembe za ndovu na jasho la watumwa, ilijaa vitanda virefu vya nguzo, samadari zenye besera juu na chandarua pembeni. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said aliyezaliwa katika jumba la Mtoni mwaka 1844 na kujulikana baadaye kwa jina la Emily Ruete, alivieleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Vilikuwa vitanda vya mbao za thamani, vimechongwa na mafundi wa Uhindini, na vimeinuka kiasi kwamba mlalaji alihitaji kiti au mkono wa mjakazi ili kupanda. Anaeleza pia kwamba nafasi ya chini ya kitanda ilitumiwa kulala na watu wengine, wakiwemo yaya wa watoto wachanga. Picha hiyo inasema mengi. Kitanda kimoja kilibeba daraja mbili za watu, juu mwenye nyumba na mvunguni mlezi wa mwanawe, na urefu wa matendegu ulipima cheo kabla ya kupima raha. Anayedai kwamba samani za bei kubwa zilinunuliwa kwa sababu ya ubora wake tu hana budi kwanza aeleze kwa nini ubora ulihitaji kuinuliwa juu kiasi hicho. Ghali ilikuwa lugha ya heshima, na mpaka leo haijaacha kusema.

Wala ghali haikuwa hirizi dhidi ya uchakavu. Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, unaukumbuka mji wa Pate uliokuwa tajiri na kuporomoka, na miongoni mwa fahari zilizopotea unataja vitanda na magodoro ya majumba yale, pamoja na zidaka za ukutani ambamo palipangwa vyombo vya kaure na ambamo baadaye ndege walilea makinda. Mshairi alikuwa anaiusia nafsi yake juu ya dunia ipitayo, hakuwa anaandika juu ya useremala. Hata hivyo mwenye kusoma historia ya vitu anaweza kuona jambo la pili humo ndani. Nyumba zile hazikuanguka kwa kukosa mbao nzuri. Zilianguka mikono iliyozitunza ilipoondoka, biashara iliyolipa mikono hiyo ilipokufa, na vita vilipowatawanya wenyewe. Kitanda cha thamani kisicho na mtu wa kukitunza kilioza kama kitanda kingine chochote, na huenda kilioza upesi zaidi, kwa kuwa aliyejua kuchonga tendegu lake alikuwa ng’ambo ya bahari. Teremka tukaze ya mvuvi, ambayo usumba wake ulisokotwa hatua chache kutoka mlangoni, ilikuwa na nafasi nzuri zaidi ya kuuona mwaka ufuatao. Uimara, kwa maana hiyo, haukai ndani ya ubao peke yake. Unakaa pia katika umbali ulioko kati ya kitu na mtu anayeweza kukirekebisha.

Wazo la chumba cha mtoto chenye kitanda, kabati na meza ya kusomea liliingia kwetu kwa njia ya kuzunguka. Miji ya kikoloni haikulijengea nafasi. Ile tunayoiita nyumba ya Kiswahili, yenye ukumbi katikati, vyumba huku na huku na uani nyuma, mjini Dar es Salaam ilipangishwa chumba kimoja kimoja, na familia nzima iliishi katika chumba hicho ikigawanya usiku kwa pazia. Makazi mengi ya wafanyakazi Nairobi yalijengwa kwa kumfikiria mwanamume aliyekuja mjini peke yake. Kwa watoto wengi, kitanda cha kwanza ambacho hakikuwa cha kugawana kilikuwa cha shule ya bweni: kitanda cha chuma, mara nyingi dabo deka, katika safu ndefu ya vitanda vinavyofanana. Shule kama Alliance, iliyoanzishwa Kikuyu nchini Kenya mwaka 1926, zilikilea kizazi cha viongozi na wataalamu katika vitanda vya namna hiyo. Kizazi hicho kilipopata mishahara na nyumba zenye vyumba vitatu, kiliwapa watoto wake kile ambacho bweni lilikifundisha kuwa ni sehemu ya elimu, yaani kitanda cha mtu mmoja na meza ya kusomea. Godoro la sponji likaondoa kamba. Badala ya kuwamba, fundi akapanga chaga za mbao. Kitanda cha mtoto kikawa kidogo, chenye mapambo, na kwa mara ya kwanza kikawa bidhaa yenye umri: cha miaka 3, cha miaka 6, cha kijana.

Mbao za kubandika ndizo zilizoikamilisha safari hiyo. Ubao wa vipande vya miti vilivyoshindiliwa kwa gundi ulibuniwa Ujerumani na Max Himmelheber katika miaka ya 1930, na kiwanda cha kwanza cha kuuzalisha kibiashara kilianza kazi Bremen mwaka 1941, wakati wa vita na uhaba. Lengo lilikuwa jema: mabaki ambayo viwanda vya mbao viliyatupa au kuyachoma yakawa kabati na meza. Mwaka 1956 kampuni ya IKEA ya Sweden ikaanza kuuza samani zilizofunguliwa na kufungashwa bapa, mnunuzi akaziunganishe mwenyewe, na gharama za usafirishaji zikashuka. Hakuna sababu ya kuudharau ubunifu huu. Umewapa watoto wengi rafu ya vitabu ambayo wazazi wao hawakuwahi kuwa nayo. Lakini ubao huo ulizaliwa katika nchi za baridi zenye nyumba kavu, na tabia yake hubadilika ukiletwa Tanga au Mombasa. Unyevu ukiingia pembeni, pale ganda la plastiki lilipobanduka, ubao huvimba, na ukishavimba haurudi. Hauwezi kupigwa randa kwa sababu ndani hauna nyuzi, una chembe tu. Skrubu ikichomolewa mara mbili, mara ya tatu haishiki. Gundi inayotumika sana humo hutoa formaldehaidi, kemikali ambayo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka mwaka 2004 katika kundi la zile zinazosababisha saratani kwa binadamu; viwango vya utoaji hutofautiana sana kati ya ubao na ubao, na chumba kidogo ambacho madirisha yake hayafunguliwi hakimsaidii anayelala humo.

Pingamizi la kwanza ni la busara: mtoto hukua haraka, kwa nini kumnunulia kitu cha kudumu? Pingamizi hili lina nguvu kwa kitanda cha mchanga, na historia iko upande wake, kwa sababu susu ilikuwa nyepesi na ya gharama ndogo kwa makusudi. Linapungua nguvu likivutwa hadi miaka 5 au 8 inayofuata. Anayekua ni mtoto, na kitanda chenye urefu wa mtu mzima kinamsubiri. Tuchukue mfano wa kukokotoa tu. Kitanda cha shilingi 200,000 kinachodumu miaka 4 humgharimu mzazi shilingi 50,000 kwa mwaka. Cha shilingi 600,000 kinachodumu miaka 20 humgharimu shilingi 30,000 kwa mwaka, na mwishoni kinabaki na mbao za kutengenezea kitu kingine. Bila shaka hesabu hiyo husimama tu ikiwa kitanda cha pili kitadumu kweli, na hilo ndilo muuzaji asiloweza kulithibitisha kwa bei pekee. Pia kuna jambo ambalo hesabu hailifikii. Kitanda chenye picha za katuni humchosha mtoto kabla hakijachoka chenyewe. Mapambo yakiwa kwenye shuka na pazia, hubadilishwa kwa fedha kidogo kama kamba za zamani. Yakiwa kwenye ubao wa kichwani, kitanda huzeeka siku mtoto anapoanza kuwaonea haya wenzake. Waliowamba kitanda kwa usumba waliijua kanuni hii: kinachobadilika upesi kikae juu, kisichobadilika kikae chini.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: shilingi 600,000 hazipo. Mwenye mshahara wa mwezi hawezi kununua kwa hesabu ya miaka 20, na kumwambia kwamba ghali ni nafuu ni kumcheka. Ugumu huo umeongezeka kwa sababu mbao ngumu zenyewe zimepungua. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa juu ya Mto Rufiji mwaka 2003, uvunaji wa magogo kusini mwa Tanzania uliongezeka kwa kasi, na sehemu kubwa ya magogo hayo ilikwenda nje kinyume cha sheria. Kenya nayo ilisimamisha uvunaji katika misitu ya umma mwaka 2018 na kuuruhusu tena mwaka 2023. Mninga na mvule si miti ya kudai kwa kila chumba cha mtoto, na hata kwa ajili ya misitu ni afadhali tusiidai. Lakini pingamizi hili linachanganya mti na kazi. Msonobari wa shamba la miti la Sao Hill, Tanzania, uliokaushwa vizuri, ukaunganishwa kwa ulimi na tundu au kwa bolti zinazokazika, utakishinda kitanda cha mninga mbichi kilichopigiliwa misumari usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi. Vilevile si lazima chumba kinunuliwe kama seti. Seti ni wazo la duka. Kitanda kizuri sasa, meza baada ya mwaka, na nguo zikakaa sandukuni kwa muda, ni mpangilio ambao familia za pwani zilijengea nyumba zao kwa karne nyingi bila kuona aibu. Na karakana za Keko jijini Dar es Salaam au za Gikomba jijini Nairobi zina jambo moja ambalo duka la kioo halina: fundi ambaye unaweza kumrudia, mkazungumza bei ya kiungo kimoja.

Pingamizi la tatu linasema kwamba haya yote ni kutamani ya kale, na kwamba ya kale yalikuwa na kunguni. Ni kweli yalikuwa nao. Methali kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake haikutungwa na mtu asiyewajua. Kamba zilizosukwa ziliwapa wadudu maficho elfu, na kitanda kilitolewa nje juani mara kwa mara kwa sababu hiyo. Kamba zilizolegea hazikuufaa mgongo, rangi za zamani zenye madini ya risasi ni hatari kwa mtoto anayetafuna mbao, na ile kazi ya kukaza na kusokota mara nyingi iliwaangukia wanawake na watumwa ambao hawakuulizwa kama walipenda. Simwombi mtu arudi kwenye usumba. Ninachosema ni kwamba anayekimbilia bei kubwa kama kinga anakimbilia pasipo na boma. Marekani ilipiga marufuku mwaka 2011 uuzaji wa vitanda vya wachanga vyenye ubavu wa kushushwa, baada ya vifo vya watoto, na marufuku hiyo haikubagua bei. Mwaka 2016 makabati ya droo yapatayo milioni 29 ya IKEA yalitakiwa kurudishwa nchini humo kwa sababu yaliweza kumwangukia mtoto yasipofungwa ukutani. Lililokosekana ni kishikizo kidogo na mtu wa kukifunga. Kwetu, kitu kilichookoa maisha ya watoto wengi vyumbani si kitanda cha aina yoyote, ni chandarua. Tanzania ilipoanzisha Hati Punguzo mwaka 2004 ili kuwapunguzia wajawazito, na baadaye watoto wachanga pia, bei ya vyandarua, ilifanya zaidi kwa usingizi wa mtoto kuliko samadari zote za Mji Mkongwe wa Zanzibar. Na chandarua nacho ni kitu cha kukazwa: kikitoboka hushonwa, kikilegea huchomekwa upya chini ya godoro.

Mpaka hapa kigezo kimejidhihirisha chenyewe. Mfalme na mvuvi, yaya aliyelala mvunguni na mwanafunzi wa bwenini, wote walilala juu au chini ya kitu ambacho thamani yake ilitegemea nani alikuwa karibu kukitunza. Soko la leo limetenganisha vitu viwili ambavyo fremu na kamba viliviweka pamoja. Limeuita uimara anasa, na wepesi wa kubadilisha likaufanya ubovu. Mzazi hana uwezo wa kulibadilisha soko, ila anaweza kukataa kuuliza swali lake. Badala ya kuuliza bei kwanza, na apinde magoti atazame chini ya kitanda, mahali ambapo Steere alikuta neno mvungu, aone kilichoshika ubavu na mguu. Kisha amuulize muuzaji mambo mawili: kipande hiki kinaitwaje, na kikivunjika nitakipata wapi peke yake? Kama jibu ni “kile kidude,” na kidude chenyewe hakiuzwi, basi hata bei ya chini ni kubwa. Kama kuna jina, na nyuma ya jina kuna fundi, basi bei hiyo inaweza kuzungumzwa. Usiache mbachao kwa msala upitao, walionya wahenga, na mbachao wetu katika jambo hili ni sarufi ya kitanda kile cha kamba. Teremka huambiwa mmoja, aliye juu. Tukaze inawahusu wote waliomo nyumbani, na mtoto aliyeteremshwa naye hupewa ncha ya kamba avute.